Udongo wa Kijivu wa Tarlina

Kwa miaka thelathini na moja Kelvin Noske aliendesha greda huko kaskazini mwa Australia Kusini, akichonga barabara za udongo ambazo kwa siku hupitiwa na magari manne na kondoo wasiojua sheria. Alistaafu na mgongo mbovu, saa ya ukutani na albamu. Mgeni akifika kwake Gawler, baada ya chai huonyeshwa albamu, atake asitake. Haina harusi wala wajukuu. Ina mifereji: mifereji iliyochimbwa na magari ya watu waliopita kwenye barabara iliyolowa, wakati bango limewaambia waziwazi kwamba imefungwa. Chini ya kila picha Kelvin ameandika tarehe, mahali, na maneno machache kuhusu dereva, pale dereva alipojulikana. Mimi ni jirani yake mwaka wa kumi na tisa sasa, na albamu nimeiona mara saba. Ukurasa ninaoukumbuka zaidi umeandikwa, "Daktari wa meno, Sydney."

Ukitaka kumkasirisha Kelvin huna haja ya kumtukania wazazi. Sema tu, "Lakini si matope tu yale?" Atakueleza, tena kwa utaratibu, kwamba udongo ule ukilowa ni kama unga uliokandwa, na ukikauka ni zege, kwamba mfereji unaochimbwa leo utakaa hivyo mpaka mvua nyingine inyeshe na greda lifike, na vyote viwili vinaweza kuchukua miezi, na kwamba katikati ya miezi hiyo kuna watu wanaoishi huko, wanaopokea barua, unga na madaktari kwa njia hiyohiyo moja.

Jambo la pili la kujua kumhusu ni king'ora. Klabu yetu ya mpira, ule wa Kiaustralia wa robo nne, ina mtunza muda, na mtunza muda ni Kelvin. Anakaa kwenye kibanda juu ya uwanja, na kila robo ya mchezo ikianza na ikimalizika anabonyeza kitufe. Alikuwa hajakosa fainali hata moja kwa miaka ishirini na miwili.

Septemba iliyopita yeye na mkewe Merilyn walifunga trela nyuma ya Landkruza wakaenda kupiga kambi kando ya kijito kikavu, kwenye shamba la kondoo la Tarlina, kama saa saba za gari kutoka hapa. Trela hilo Kelvin alilitengeneza mwenyewe bandani. Lina jiko linalovutwa kama droo, tangi la maji, hema linalofunguka juu kama kitabu, na ekseli aliyoitoa kwenye gari la zamani la kubebea viazi. Kwa ajili ya ekseli hiyo, magurudumu ya trela yamekaa nje zaidi ya yale ya gari, kwa upana wa kiganja. Alijivunia sana. Alisema hakuna trela jingine kama lile nchi nzima, na ilikuja kuthibitika kuwa kweli.

Jumanne ilinyesha. Jumatano Rosslyn Teakle, mjane mwenye shamba, alipita kambini na pikapu yake kuwaambia kwamba barabara imefungwa, wakae walipo, kijito hakitafika kwenye hema. Walikuwa na kuni. Fainali ilikuwa Jumamosi.

"Kel, tuna chakula cha siku sita," Merilyn alisema Alhamisi asubuhi, alipomwona anakunja hema. "Tuna maji. Na mimi kitabu changu sijakimaliza."

"Jumamosi ni fainali, Mel."

"King'ora kina kitufe kimoja. Hata mke wa kocha anaweza kukibonyeza."

"Miaka ishirini na miwili."

"Basi dole gumba lako lina shahada."

Kelvin aliendelea kukunja. Walipofika kwenye bango, lile la bawaba linalokunjwa likasoma wazi au likasoma imefungwa, alisimamisha gari, akalisoma. Merilyn naye alilisoma, kwa sauti.

"Hili si ndilo ulilolichimbia wewe?" aliuliza. "Tisini na nne. Hapa ndipo mgongo ulipoanza kukuuma."

"Udongo huu naujua. Jua limewaka tangu jana mchana. Juu tu ndiko kumelowa."

"Kamwambie daktari wa meno."

Alishuka, akapunguza upepo kwenye matairi yote sita, akapanda, akapita.

Haikuwa juu tu. Kilomita kumi na nne ziliwachukua saa mbili na nusu, na trela likienda upande nyuma yao kama mbwa anayeburutwa kuogeshwa. Kusimama hakuwezekani, maana ukisimama unazama. Kelvin anasema kioo hakukitazama. Merilyn anasema alikitazama mara moja, akakigeuza kielekee dari.

Jumamosi alibonyeza kitufe mara nane. Timu yetu ilipigwa kwa pointi sitini na moja. Baada ya mechi mwenyekiti alitangaza kwamba mwezi wa kumi, kwenye chakula cha jioni cha klabu, Kelvin Noske atapewa uanachama wa maisha kwa uaminifu wake. Tulimpigia makofi. Alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa.

Watu wa hapa hawahesabu safari kuwa imekwisha mpaka uvungu wa gari uwe safi, na Kelvin katika hilo ni mtawa. Jumatatu aliinua trela kwa jeki, akaliweka juu ya vigingi vya chuma, akatoa magurudumu, akafungua ngoma za breki. Beringi alizitoa akaziosha kwa mafuta ya taa, akazigeuza moja moja kwenye mwanga akitafuta mkwaruzo, halafu akazishindilia grisi mpya kwa kiganja, kama mtu anayekanda chapati. Springi alizipiga brashi ya waya. Chujio la hewa alilikung'uta, akalitazama, akalitupa. Nati alizikaza zote, kisha akazikaza tena.

Udongo mwekundu wa kule ulitoka kwa maji ya bomba bila ubishi. Ule wa Tarlina ndio haukutoka. Ni wa kijivu unaoelekea kijani, na unapatikana kwenye zile kilomita kumi na nne na si kwingine. Ulikuwa umejisokota ndani ya chasisi, juu ya tangi, nyuma ya ngoma za breki. Aliuchokoa kwa bisibisi, akaupiga maji ya kasi, akaona umekwisha. Kesho yake asubuhi vipande vingine vilikuwa vimedondoka sakafuni, vina alama ya bomba vilipokaukia.

Miaka yote, Kelvin akiosha gari mlango wa banda huwa wazi, na anayepita hupewa safari nzima bure, korongo kwa korongo. Wiki ile mlango ulikuwa umefungwa. Nilimkuta mara moja tu, akipeleka takataka.

"Safari ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Nzuri," alisema. "Kavu."

Kila asubuhi Merilyn aliingia bandani na ufagio, akazoa ule udongo wa kijivu, akautia kwenye kopo tupu la aiskrimu ya vanila la lita mbili. Likajaa nusu. Juu ya mfuniko akaandika tarehe, kama afanyavyo akigandisha supu.

Ijumaa, wakila chakula cha mchana, simu ililia. Alikuwa Lyndon Pech. Lyndon alijifunza greda kwa Kelvin, miaka sita wakilala kambi moja, na sasa ndiye anayeliendesha. Hajawahi kumwita Kelvin kwa jina.

"Bosi, umekaa?"

"Nimekaa."

"Basi simama, maana hili utataka kupiga kitu teke. Tarlina! Kuna mpumbavu mmoja kapita na barabara imefungwa. Na trela! Kilomita kumi na nne zote, bosi. Imekauka ngumu, ukiigonga inalia."

Kelvin aliangusha uma kwenye sahani. Lyndon alidhani ni hasira.

"Na jana Rosslyn Teakle kaingia humo. Gurudumu limenaswa, pikapu imelala ubavu. Mtulinga umevunjika. Na Jumatatu wakata manyoya wanaingia, watu kumi na mmoja, na mpishi ni nani? Ni yeye."

"Anaendeleaje?"

"Anatukana. Kwa hiyo atapona. Sasa sikiliza, nimekutumia picha. Vaa miwani. Wewe unasoma tairi kama padri na kitabu chake. Niambie ni trela ya aina gani, maana nimepima, imezidi gari kwa kiganja kizima. Nani anatengeneza takataka ya namna hiyo?"

Kelvin alivaa miwani. Ilikuwa picha nzuri. Lyndon alikuwa amesubiri mwanga wa ubavuni ili kina kionekane, na futi ya kupimia ameilaza sawasawa, mahali pake hasa. Alifundishwa vizuri. Mifereji ilikuwa minne, ya nje na ya ndani, na kwenye ule wa nje kushoto, kila mzunguko wa tairi, palikuwa na pengo la jino moja lililokatwa na jiwe. Jiwe lenyewe Kelvin alilikumbuka.

"Nipe siku mbili," alisema.

Siku mbili hizo ndizo anazozionea aibu kuliko zile kilomita. Kwenye barabara, anasema, alikuwa mjinga. Kwenye siku mbili hizo alikuwa na akili zake zote. Alienda bandani akapima ekseli, kana kwamba imepungua. Alitoa lile tairi la kushoto akalisukuma nyuma kabisa, akalifunika turubai, na juu ya turubai akaweka mashine ya kukatia majani. Jumamosi akaanza kupiga hesabu ya kuikata ekseli, sentimita nne kila upande. Alikuwa ameshachora alama kwa chaki.

Jumapili Merilyn aliandaa meza ya mchana: nyama baridi, mkate, siagi, viazi sukari vyekundu vya kopo. Kati ya siagi na mkate aliweka lile kopo la aiskrimu. Kelvin alilitazama. Hakuhitaji kufungua.

"Nilitaka kukuuliza," Merilyn alisema, akijikatia mkate. "Hii inaingia kwenye albamu au niitie kwenye waridi?"

Kelvin aliinuka na kwenda kwenye simu chakula kikiwa bado mdomoni.

"Ni mimi," alisema Lyndon alipopokea.

"Naona, bosi. Umeshaijua?"

"Trela. Ni mimi."

Kwa mbali redio ya Lyndon ilikuwa inasoma bei za ng'ombe.

"Mlikuwa na mgonjwa," Lyndon alisema.

"Hapana."

"Maji yaliwaishia."

"Maji yalikuwepo."

"Sasa nini?"

"Fainali."

"Fainali ya nini?"

"Ya mpira. Huwa nabonyeza king'ora."

Redio ilifika kwenye kondoo. Kisha Lyndon akasema, taratibu, kama mtu anayemvusha mzee barabara, "Haya. Sikiliza. Mimi sijapima kitu. Picha nafuta sasa hivi. Mvua ikigusa tu nachonga, yamekwisha. Watalii wako wengi, anaweza kuwa yeyote. Rosslyn haulizi."

Kelvin anasema hapo ndipo alipotaka kulia, maana alimsikia kijana aliyemfundisha kazi akijifunza kudanganya, na mwalimu ni yuleyule.

"Usifute," alisema. "Nichapishie moja. Na Rosslyn nitamwambia mwenyewe."

"Atakuua."

"Ana mkono mmoja."

"Uliobaki ndio wa kulia," Lyndon alisema, akakata simu. Hakusema bosi.

Jumatatu Kelvin aliondoka bila trela, albamu kwenye kiti cha Merilyn. Njiani alisimama kwenye kituo cha polisi cha mji wa mwisho akajitaja. Polisi alimwandikia faini, ambayo kule huhesabiwa kwa gurudumu, akamuuliza kama ana uhakika ni sita, maana watu wengi husahau trela. Kisha akaingia zile kilomita kumi na nne, magurudumu ya kushoto juu ya tuta, ya kulia pembeni kwenye majani, akipita mahali ambapo pikapu ililala na kuacha vioo.

Rosslyn Teakle alikuwa barazani, mkono wa kushoto kwenye kitambaa cha shingoni, gunia la viazi mbele yake na kisu mkononi. Ni mwanamke mfupi, wa miaka sitini na kitu, na alimtambua mara moja.

"Kelvin wa greda! Wamekuita? Umekuja kuona walivyotufanyia?"

Kelvin alikuwa ametunga maneno kwa saa saba za njia. Mapokezi hayo hayakuwemo kwenye hesabu.

"Waliofanya ni mimi," alisema.

Rosslyn aliweka kisu chini.

"Bango ulilisoma?"

"Nililichimbia mimi."

"Sikuuliza nani alilichimbia."

"Nililisoma."

Alimtazama kwa muda ambao Kelvin hakuupima, ingawa kupima muda ndiyo kazi yake. Kutoka kwenye banda la kondoo zilisikika mashine za kunyolea, zimeshaanza.

"Unajua kukata manyoya?"

"Hapana."

"Kupika?"

"Mke wangu anasema hapana."

"Kuosha vyombo?"

"Hiyo naweza."

"Jiko ni kule. Wako kumi na mmoja, wanakula mara tano kwa siku. Anza na viazi hivi."

Kwa hiyo alimenya, akaosha, na kwa amri ya Rosslyn aliyekaa kwenye kiti kando ya jiko akiongoza kwa kidole, alipika pia. Wakata manyoya walipoingia kula walimkuta amevaa aproni ya marehemu bwana Teakle.

"Huyu babu nani?" aliuliza mmoja, jitu la kutoka mji wa Broken Hill linaloitwa Craig Tiver.

"Huyu ndiye aliyelima barabara," Rosslyn alisema, akipitisha siagi.

"Ahaa! Mkulima! Mwaka huu umepanda nini, Mkulima?"

"Pikapu," alisema mwingine. "Imeota ubavu."

Walicheka mpaka mchuzi ukapoa. Tangu hapo jina lilikuwa hilo. Mkulima, chai. Mkulima, nyama hii umeilima au umeipika? Kelvin alijibu kila mara, "Naam." Alikuwa anasubiri Rosslyn aseme neno, lolote, la kusamehe au la kufukuza. Rosslyn alisema, "Sufuria ile ina mafuta bado."

Wiki ya pili Lyndon alifika na greda, akaliegesha kwenye uwanja kusubiri mvua, maana udongo ule mkavu hauchongeki. Kelvin alimpelekea chai huko nje, vijiko vitatu vya sukari, kama zamani.

"Asante, Kelvin," Lyndon alisema.

Akatoa bahasha mfukoni, akampa picha. Wakasimama wakitazama greda, ambalo halikuwa na kitu cha kutazamwa.

Alhamisi ilinyesha. Ofisi ya barabara ilipiga simu, na Rosslyn, ambaye mkono bado haukuinuka, alimpa Kelvin koti la mvua akamwambia akakunje bango. Alikwenda kwa miguu. Bawaba alizipaka grisi kwanza. Aliporudi aliomba simu.

"Mel," alisema, "barabara imefungwa."

"Jumamosi ni chakula cha klabu. Mwenyekiti ameshaandika hotuba."

"Imefungwa, Mel."

"Siku ngapi?"

"Rosslyn anasema nne. Mimi nasema sita."

"Una kitabu?" Merilyn aliuliza. Kisha akasema, "Nitakupokelea." Na Jumamosi alikwenda, akakipokea cheti, akaulizwa Kelvin yuko wapi, akasema yuko kazini.

Kule Tarlina, Jumamosi hiyo, kondoo walikuwa wamekwisha na watu wamekaa jikoni bila kazi, jua linawaka dirishani. Craig Tiver alikuwa na binti anayetimiza mwaka mmoja Jumatatu. Alisimama, akachukua funguo.

"Mimi naenda. Limewaka tangu jana. Juu tu ndiko kumelowa."

Hakuna aliyecheka. Rosslyn hakumtazama Craig. Alimtazama Kelvin, aliyekuwa na mikono kwenye karai.

"Mkulima," alisema. "Mwonyeshe."

Kelvin alijifuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na albamu. Craig aliifungua kwa dharau, akapitisha kurasa haraka, mfereji, mfereji, daktari wa meno, mpaka kwenye ile ya mwisho, ambayo gundi yake ilikuwa mbichi bado. Lyndon alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe. Ilikuwa picha nzuri, mwanga wa ubavuni, futi mahali pake. Chini yake iliandikwa tarehe, kisha Tarlina, kilomita kumi na nne, kisha: "Mwendesha greda, Gawler. Alikuwa anawahi kubonyeza kitufe."

Craig aliisoma mara mbili. Alimtazama Rosslyn na kitambaa chake cha shingoni. Funguo akazirudisha kwenye msumari.

"Kuna chai?" aliuliza.

Kelvin aliweka birika jikoni.